Ruhusa ya Kuandika

Ndugu wanafunzi, andikeni namba 5 katikati ya ukurasa. Hiyo ndiyo kumbukumbu kuu ya kompyuta. Chini yake choreni visanduku viwili, kache ya kiini cha kwanza na ya kiini cha pili. Kiini ni sehemu ya prosesa inayotekeleza maagizo, na kache ni kumbukumbu yake ndogo ya karibu. Kila kiini kimeisoma ile 5 na kuweka nakala karibu, maana kuifuata kwenye kumbukumbu kuu hula mapigo mia na zaidi ya saa ya prosesa, ilhali kache ya jirani hujibu kwa mapigo manne, matano hivi. Kiini cha kwanza kinaandika 6. Cha pili je? Bado kinaona 5, wala hakina habari.

Dawa ni sharti moja: anayetaka kuandika awe kwanza ndiye pekee mwenye nakala. Kache zote zimetega sikio kwenye njia moja ya mawasiliano. Kiini kinatangaza kwamba kitaandika, na kila mwenye nakala anaibatilisha ya kwake. James Goodman aliueleza utaratibu wa namna hii mwaka 1983. Mwaka uliofuata Mark Papamarcos na Janak Patel wa Chuo Kikuu cha Illinois wakatoa ule tunaouita MESI, wenye hali nne za nakala: imebadilishwa, iko peke yake, inashirikiwa, au ni batili.

Hali ya pili ndiyo inayonivutia. Kiini kikijua hakuna mwingine mwenye nakala, kinaandika bila kumtangazia yeyote. Na data nyingi ya programu haishirikiwi kabisa!

Viini vikizidi, njia ile hujaa matangazo. Hapo huwekwa daftari la nani ana nakala ya nini, wazo la Censier na Feautrier la mwaka 1978, ujumbe uende kwa wahusika tu.

Sasa sikilizeni hili kwa makini. Kache haitunzi namba moja moja, hutunza mstari, yaani fungu la data zilizo jirani kwenye kumbukumbu, mara nyingi la baiti 64. Chukueni nyuzi mbili za programu, yaani mifuatano miwili ya maagizo inayokwenda kwa pamoja, kila uzi kwenye kiini chake na kihesabu chake cha baiti 8, hakuna unaogusa cha mwenzake. Vihesabu vikiwa bega kwa bega kwenye mstari mmoja, kila uzi ukiandika unabatilisha mstari wote kwa mwenzake. Jibu linatoka sahihi, lakini programu inatambaa. Naichukia hitilafu hii kuliko zote, kwa sababu ukisoma msimbo huioni. Tenganisheni vihesabu, kila kimoja na mstari wake, nayo inakwisha.

Rudini kwenye ile 5. Viini vyote viwili vinaisoma, kila kimoja kinaongeza 1 pembeni, kisha vinaandika kwa zamu: 6, halafu 6 tena. Nyongeza moja imepotea, na MESI haikuvunjwa popote. Ndiyo maana prosesa zina agizo maalumu la kuongeza, ambalo haliachii mstari mpaka kusoma, kujumlisha na kuandika kumalizike.