Jua Tunalo, Maji ya Moto Tunayafuata Porini

(Mhadhara uliotolewa kwa viongozi wa vijiji, walimu, wauguzi na mafundi, wilayani Kongwa, Dodoma)

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mtendaji wetu wa Kata, wauguzi, walimu, mafundi, wazee, na mama zangu mlioacha kazi zenu kuja hapa: mbukwenyi!

Nimeombwa nizungumzie nishati ya jua. Taa za sola mnazijua, simu mnachaji, redio zinaimba, kwa hiyo huko sitakaa. Mimi nitazungumzia maji ya moto. Jambo hili nimelisema Bahi, nimelisema Mpwapwa, nimelisema kwenye vikao ambavyo watu walikuwa wanatazama saa, na nitalisema tena leo, kwa sababu bado sijaona mabomba juu ya bati la zahanati zetu.

Nendeni kwenye zahanati alfajiri ya mwezi wa saba. Mnaujua upepo wa kusi unavyopiga hapa Kongwa mwezi huo. Mama amejifungua saa nane za usiku. Zungukeni nyuma ya jengo: mtamkuta mama mkwe na dada wa mzazi wameinama kwenye mafiga, moshi machoni, wanapuliza moto ili mzazi apate maji ya kuoga na kukandwa. Kuni wamekuja nazo kutoka nyumbani. Mjamzito anapoambiwa siku zimekaribia, anaandaa kanga, anaandaa beseni, na familia inaandaa mzigo wa kuni kama sehemu ya vifaa vya uzazi! Hili tumelizoea kiasi kwamba hakuna anayeliuliza. Na yule aliyekuja peke yake, ambaye mume yuko machimboni na mama yake yuko kijiji cha mbali, huyo anaoga maji ya baridi usiku huohuo aliojifungua, au haogi.

Sasa nyanyueni macho. Juu ya jengo hilohilo kuna bati ambalo jana yake lilipigwa na jua kuanzia asubuhi mpaka jioni, likawa halishikiki kwa mkono. Joto lote lile limepotea. Na mzazi anangoja kuni zishike moto.

Najua muuguzi mmoja hapo nyuma anataka kuniambia kwamba mtoto mchanga haogeshwi kabla ya saa 24. Ni kweli kabisa, dada yangu, huo ndio ushauri wa Shirika la Afya Duniani, na bibi zetu inabidi tuwaeleze kwa upole. Lakini mama yake je? Nguo zenye damu je? Sakafu ya chumba cha kujifungulia, mabeseni, mashuka, mikono yako wewe mwenyewe saa tisa usiku? Wala sisemi vyombo vya kuzalishia vitakaswe kwa maji ya jua. Vyombo vina utaratibu wake na moto wake. Nasema kazi nyingine zote zinataka maji ya nyuzi 40 hadi 60 tu, na hiyo ni kazi ambayo jua la Dodoma linaimudu kuliko nishati nyingine yoyote tuliyonayo.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Naunga mkono, na mitungi ya gesi iendelee kuja. Lakini vikaoni kwetu tunajadili ugali na maharage, tukimaliza tunafunga mkutano, na jioni sufuria la maji ya kuoga linarudi kwenye mafiga. Kuchemsha maharage kwa jua ni kazi ngumu. Kupasha maji ya kuoga ni kazi nyepesi. Mbona hii nyepesi tumeiruka?

Tupige hesabu, walimu mnisimamie. Ndoo moja ya lita 20, maji yakiwa na nyuzi 20, ukitaka yafike nyuzi 40 ya kuogea, inahitaji karibu nusu uniti ya umeme, yaani nusu kilowati-saa. Familia ya watu sita, kila mtu ndoo yake, ni karibu uniti 3 kwa siku, yaani zaidi ya uniti 80 kwa mwezi. Wenye LUKU, zile mita za kulipia umeme kabla, za matumizi madogo mnajua maana yake: ukivuka uniti 75 kwa mwezi, ile bei ya chini umeiaga. Kwa hiyo anayesema “umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, umefika, tununue ile hita ya kuchovya kwenye ndoo” ajue kwamba maji ya kuoga peke yake yatamtoa kwenye bei ya unafuu kabla hajawasha hata taa. Tena ile hita ni hatari. Sakafu imelowa, mtoto anaingiza mkono kujaribu kama maji yamepata, na waya umo ndani. Sitaki kuisikia.

Kwa kuni je? Mafiga matatu yanafikisha kwenye sufuria asilimia 10 hadi 15 ya moto, unaobaki unapasha upepo. Kwa hiyo ndoo moja ile inakula karibu kilo nzima ya kuni kavu. Familia ya watu sita ni kama kilo 5 kwa siku kwa kuoga tu, bado hajapikiwa mtu chakula. Zidisheni kwa kaya za kitongoji chenu, halafu mtazame vilima vyetu vilivyo. Wenzetu wa Kondoa waliachia ardhi mpaka ikachanika makorongo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ukaanza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyoharibika. Wazee wanakumbuka uchungu wa kuhamisha ng'ombe. Mimi sitaki tufike huko kwa sababu ya maji ya kuoga.

Upande wa jua: siku ya kiangazi, mita moja ya mraba hapa kwetu inapokea uniti 5 hadi 6. Paneli ya kupashia maji ya mita 2 za mraba ikinasa nusu yake, umepata zaidi ya uniti 5, yaani ndoo 10 za kuoga kila siku, bila kuni, bila LUKU. Na msichanganye paneli hii na ile ya taa. Ile ya taa inageuza karibu sehemu moja kati ya tano ya jua kuwa umeme. Hii ya maji inanasa nusu, hata zaidi, kwa sababu haigeuzi kitu: ni bomba jeusi chini ya kioo, joto linaingia kwenye maji moja kwa moja.

Sasa nimjibu mzee wangu mmoja. Kila nikizungumza ananiambia: “Kijana, Kongwa tumeona mashine za wageni.” Ana haki. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapa matrekta kulima karanga kwa maelfu ya ekari, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, ukala majembe yao, na mvua waliyoitegemea haikuja. Lakini tazama walikosea wapi, mzee wangu. Walitegemea kitu ambacho Kongwa haina, mvua ya uhakika. Mimi naomba tutegemee kitu ambacho Kongwa inacho kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja karibu kila siku, na ambacho wewe hapo umechunga nacho ng'ombe miaka yote. Masika mawingu yatakuja, sikatai. Siku hizo maji yatatoka vuguvugu, utaongeza moto kidogo. Kidogo! Si mzigo mzima.

Mafundi, hapa ndipo nawataka nyinyi. Kifaa hiki hakina pampu. Maji yakipata joto yanakuwa mepesi, yanapanda kwenye tangi, na ya baridi yanashuka kwenye paneli kuchukua nafasi yake, yanazunguka hivyo mchana kutwa. Ndiyo maana lazima kitako cha tangi kiwe juu ya ncha ya juu ya paneli, kama sentimita 30. Ukiliweka tangi sawasawa na paneli kwa sababu ilikuwa rahisi kulifunga hapo, usiku mzunguko unageuka, maji ya moto yanakwenda kupoea kwenye paneli, asubuhi mama anafungua koki, baridi! Halafu kijiji kizima kinasema jua halifanyi kazi.

La pili: paneli itazame kaskazini. Sisi tuko kusini mwa ikweta, nyuzi 6 hivi, na Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini. Hiyo ndiyo miezi tunayotaka maji ya moto kuliko yote. Nimeona paneli zimefungwa zikitazama kusini, ati kwa sababu kitabu cha maelekezo kimeandika hivyo. Kitabu kimeandikwa Ulaya au China, kaskazini mwa dunia! Zilaze mteremko wa nyuzi 15 hadi 20, maji yapande vizuri na vumbi lioshwe na mvua. Kiangazi mtu apande na kitambaa afute.

La tatu ndilo kubwa, na hapa wauzaji hawawaambii ukweli wote: maji yetu ya kisima. Mnajua birika zenu zilivyo na ukoko mweupe ndani. Maji haya yana chokaa na chumvi, na chokaa inaganda haraka zaidi maji yanapozidi nyuzi 60. Ukiyapitisha moja kwa moja kwenye vibomba vyembamba vya paneli, vitaziba. Kwa kuwa hapa hatuna baridi ya kugandisha maji, muuzaji atakuambia nunua mfumo wa moja kwa moja, ni wa bei nafuu. Ni kweli ni nafuu, na ungefaa kama tungekuwa na maji laini. Kwa kisima cha chumvi, chukua wenye mizunguko miwili: kwenye paneli yanazunguka maji safi yaleyale siku zote, hata ya mvua uliyokinga batini, na joto linapita kwenye ukuta wa tangi kwenda kwenye maji ya kuoga. Na kama tangi ni la chuma, ndani kuna fimbo ya magnesiamu inayoliwa badala ya tangi. Maji ya chumvi yanaila upesi. Ifunguliwe kila mwaka itazamwe. Ikiisha, linaanza kuliwa tangi lenyewe. Fundi akikufungia kifaa bila kukuonyesha fimbo hiyo ilipo, mwite arudi.

Naona Mwenyekiti ananionyesha mkono, nitaharakisha.

Gharama: kwa mkupuo ni kubwa, ndiyo maana sisemi kila kaya inunue kesho. Zahanati kwanza, halafu mabweni, kaya zifuate kupitia VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Wakati huo kaya zipake mapipa rangi nyeusi na kuyaanika. Saa kumi jioni utaoga maji ya uvuguvugu, si haba.

Mabweni: walimu, watoto wasiachwe na koki ya moto tupu. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache. Fungeni koki ya kuchanganyia, na wafundishwe kutia ya baridi kwanza. Na kama paneli yenu ni ile ya mirija ya kioo, mirija iko juu, manati ziko chini, wazazi mnanielewa.

Uzito: lita 200 ni kilo 200 kabla hujahesabu tangi lenyewe. Mbao za paa la zahanati zilizoliwa na mchwa hazitabeba. Jengeni kiguzo cha matofali kando ya ukuta wa kaskazini, tangi likae hapo, na bomba la moto liwe fupi na livikwe sponji.

Muuguzi mfawidhi ameniambia ngazi ipo. Mafundi tubaki tukimaliza, tukapime ukuta huo pamoja, na Mtendaji atuandikie vipimo viingie kwenye kikao kijacho cha bajeti ya kijiji. Maswali, karibuni.