Mweleze Mteja Sheria Kabla Hujamuuzia

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji. Mimi ni Zuhura, kazi yangu kuwatunzia wafanyabiashara wadogo vitabu vya hesabu hapa Tanga mjini. Niko na kaka Bakari, mwenye duka la uchapishaji kule Ngamiani. Leo tunazungumza kuhusu sheria mpya, na namna muuza huduma anavyoweza kupata wateja kwa kuwaeleza yanayowapasa.

BAKARI: Asante dada Zuhura. Niseme mapema, wengi wetu tunaifanya kazi hii ovyo. Sheria ikitoka leo, kesho kwenye makundi ya WhatsApp kuna tangazo la herufi nyekundu: faini mabilioni, jela, jisajili kupitia kwetu, wahi.

ZUHURA: Na mabilioni yapo kweli, jamani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inasema kampuni ikifichua taarifa za watu kinyume cha sheria, faini inaweza kufika shilingi bilioni 5.

BAKARI: Yapo. Lakini mwenye gesti ya vyumba vinane pale Chumbageni, ukimtajia bilioni 5 atafanya nini? Atacheka, akate simu. Anajua hayo ni mambo ya benki na kampuni za simu, yeye hayumo.

ZUHURA: Kumbe yumo.

BAKARI: Yumo sana! Mimi ningeanza na daftari lake la wageni. Liko wazi pale mapokezi: jina, namba ya simu, kabila, unatoka wapi, unakwenda wapi. Anayeingia saa nne usiku anajaza huku anasoma habari za aliyeingia saa tatu. Nikimwonyesha hapo nikamwambia, "Bosi, sheria inalizungumzia daftari hili," atavuta kiti.

ZUHURA: Na daftari lenyewe hawezi kulitupa, maana kuandikisha wageni anatakiwa. Basi ukishapewa kiti, mweleze kwa ufupi. Sheria hiyo ilianza kutumika Mei 1, 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa Aprili 2024. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anapaswa kusajiliwa na Tume, amweleze mtu kwa nini anazichukua, azihifadhi salama, na asizigeuzie matumizi mengine. Hapo hujamaliza dakika tano.

BAKARI: Halafu ndiyo ninamwonyesha fomu ya karatasi moja kwa kila mgeni, chini ina mistari miwili ya maelezo, ikijazwa inakwenda kwenye droo yenye kufuli. Akitaka nimchapie, sawa. Asipotaka, maelezo ameshayapata.

ZUHURA: Hapo pa "asipotaka" ndipo watu wanaposhindwa, kaka. Wanaona wamepoteza asubuhi nzima.

BAKARI: Wanaona wamegawa mali bure. Lakini chukua mfano wa zile kanuni za fedha za kigeni. Machi 2025 zikatangazwa kwamba bei za bidhaa na huduma hapa nchini zisitangazwe wala kulipwa kwa fedha za kigeni. Kuna hoteli huko njia ya Pangani bei zao ubaoni zote zilikuwa kwa dola. Nikapita na karatasi ya maelezo tu: bei zote ziwe kwa shilingi, mgeni abadilishe fedha benki au kwenye duka la kubadilishia, au alipe kwa kadi. Bei yangu ya kuchapa sikuiweka kwenye karatasi ile.

ZUHURA: Wakakuuliza.

BAKARI: Wakauliza mambo ambayo hata sikuyategemea. Mikataba tuliyokwisha kuisaini na mawakala wa watalii inakuwaje? Ikabidi nirudi kuzisoma kanuni vizuri.

ZUHURA: Maana mikataba ya zamani ilipewa muda.

BAKARI: Ilipewa muda, ndiyo. Lakini ningejibu kwa kubahatisha siku ile, wangenikumbuka vibaya mpaka leo.

ZUHURA: Mimi kwa hili huwa mkali. Hujasoma Gazeti la Serikali, umesoma ujumbe uliosambazwa na mtu asiyejulikana, halafu unakwenda kumfundisha mwenzio? Subiri usome. Wewe nakujua, unapenda kuwa wa kwanza.

BAKARI: Napenda, sikatai. Biashara ni kuwahi.

ZUHURA: Wahi, lakini usome. Na kuna la zaidi, wengi hawalipendi: lazima uwe tayari kumwambia mteja kwamba hili halimhusu. Nilijiwa na mwenye duka la vipuri, ametishwa na mtu kwamba asiposajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, mwezi ule watu wa kodi watamfungia. Mtishaji naye anataka ada ya kumsajili. Nikamuuliza mauzo yake ya mwaka. Milioni sitini na kitu. Kizingiti cha usajili wa VAT tangu Julai 2023 ni shilingi milioni 200. Nikamwambia nenda kafungue duka lako.

BAKARI: Ukala hasara.

ZUHURA: Siku ile sikupata kitu. Lakini nilimweleza pia kwamba kukosa VAT hakumwondolei wajibu wa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, hilo ni jambo jingine. Na kwamba sisi wa huduma za kitaalamu, kama wahasibu na mawakili, kizingiti hakitukingi: hata mauzo yakiwa chini yake tunasajiliwa. Sasa kila akiletewa karatasi asiyoielewa, anaipiga picha ananitumia. Mwisho wa mwaka vitabu vyake ninavifunga mimi.

BAKARI: Yule mtishaji je?

ZUHURA: Sijui alipo. Tanga hii, waja leo waondoka leo.

BAKARI: Haya sasa, dada, kuna mstari ambao hatuvuki. Kueleza sheria ni kazi ya yeyote aliyeisoma. Lakini kumwandikia mtu mkataba kwa malipo, au kujifanya wakili wake, hapo Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inakukamata.

ZUHURA: Kwa hiyo uwe na wakili mnayeelewana. Mambo yakifika huko unampelekea, naye akiwa na mteja anayetaka hesabu anakuletea wewe. Wao wenyewe kujitangaza wamewekewa masharti, kwa hiyo ukimwita aje kuzungumza na wafanyabiashara wa soko la Mgandini nusu saa, mara nyingi atakuja.

BAKARI: Kuna swali kutoka kwa msikilizaji wa Makorora. Ana duka la vitenge, na wateja wake wengi wanauza rejareja. Namba zao anazo kwa sababu huwalipisha kwa M-Pesa. Anauliza, awatumie wote ujumbe kuhusu hii sheria ya taarifa binafsi?

ZUHURA: Namba hizo zilikuja kwa ajili ya malipo, si kwa matangazo.

BAKARI: Lakini anawasaidia!

ZUHURA: Mwisho wa ujumbe kuna jina la duka lake na mzigo mpya ulioingia?

BAKARI: Bila shaka upo.

ZUHURA: Basi ni tangazo. Na sheria hiyohiyo anayotaka kuwaeleza inampa mtu haki ya kusema sitaki taarifa zangu zitumike kunitangazia. Awaulize kwanza wanapokuja dukani. Anayekubali, aandike namba yake mwenyewe kwenye fomu inayosema itatumika kwa nini. Anayesema acha, afutwe siku hiyohiyo.

BAKARI: Watabaki wachache.

ZUHURA: Waache wawe wachache, hao ndio watakaoufungua ujumbe wenyewe.

BAKARI: Nitamchapia hiyo fomu. Nikuletee uisome kabla sijaiuza?

ZUHURA: Niletee Jumatatu, asubuhi. Mchana niko Pongwe kwa mteja.