Kasi Itafute Kwenye Gia, Mkono wa Mafuta Uache Penye Alama

Ndugu zangu wakulima, na ninyi madereva mliojibanza kule nyuma, narudia neno lilelile la msimu uliopita, kwamba trekta yenye mzigo haipunguziwi mizunguko ya injini, maana huko Chekereni na Mabogini, Lower Moshi, trekta bado zinakoroma majarubani. Rotaveta, yaani jembe la visu vinavyozunguka, imezama kwenye tope, mshale wa mizunguko ya injini uko 1,500, na ukimuuliza dereva anakwambia anabana matumizi ya dizeli. Habani kitu!

Tazameni dashibodi. Kwenye saa ya mizunguko pana alama ya 540. Kwa trekta nyingi ndogo iko karibu na mizunguko 2,500 ya injini kwa dakika, ila soma ya kwako, zinatofautiana. Injini ikifika hapo, shafti ya PTO, ile ya nyuma inayozungusha zana, inazunguka mara 540 kwa dakika, na rotaveta imeundwa kwa kasi hiyo. Sasa chukua 1,500, gawa kwa 2,500, zidisha kwa 540. Unapata 324. Visu vinazunguka polepole, na trekta nayo inajikokota, basi dereva anapandisha gia amalize mapema. Hapo ndipo anapoharibu: kila kisu kinang'ata bonge kubwa kuliko kinavyopaswa, tope halivurugiki, injini inalemewa.

Kulemewa ndiko kunakoua injini. Pampu ya oili, pampu ya maji na feni, vyote vinazungushwa na injini yenyewe. Ikizunguka polepole, navyo vinapungua, ila mzigo juu ya pistoni haujapungua hata chembe. Gavana, kifaa kinachopima dizeli ya kuipa injini, inaongeza dizeli ili irudishe mizunguko, hewa ya kuiunguza haitoshi, moshi mweusi unatoka. Huku ndani oili inakamuliwa kwenye beringi za krenki mpaka chuma kinakutana na chuma. Hiyo dizeli inayopaa na moshi ndiyo mnayosema mmeibana?

Kipimo ni hiki. Trekta ikiwa kazini, sukuma mkono wa mafuta kidogo. Injini ikiitika papo hapo na mshale ukapanda, ina nguvu ya akiba. Ikitoa moshi mweusi na mshale ukabaki palepale, imelemewa: kanyaga klachi, rudi gia moja chini, pandisha mizunguko hadi kwenye alama. Ukiona trekta inakimbia mno, teremsha gia. Mkono wa mafuta usiuguse!

Kuna atakayesema, "Mbona fulani anavuta tela la ndizi kwa 1,600 na mafuta yanadumu?" Yuko sahihi. Tela kwenye barabara tambarare ni kazi nyepesi na PTO haitumiki. Weka gia ya juu, punguza mafuta, mradi kipimo kilekile kimekubali. Jembe la sahani kwenye udongo wa mbuga si kazi ya namna hiyo, tusichanganye.

Na ninyi wa Arusha msijilinganishe na wa Lower Moshi. Mjini Arusha ni kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, yaani kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Hiyo inakaribia asilimia 14. Punguzeni kina cha jembe, msitegemee namba iliyoandikwa kwenye boneti.

Muda umetuishia, haya nayapitia haraka. Asubuhi, mizunguko 1,200 kwa dakika chache kabla ya kuipa mzigo. Msiiache ikiunguruma tupu wakati mnakula: injini inapoa, dizeli isiyoungua inateremka kwenye oili, nozeli zinashika masizi. Yenye tabo ipumzisheni dakika 3 hadi 5 kwenye mizunguko ya chini ndipo mzime. Mkishuka mlima na tela, tumieni gia ya kupandia, mguu mbali na klachi, na breki mapema, kwa sababu magurudumu yakianza kuisukuma injini, gavana inaweza kukata dizeli tu, haiwezi kuizuia isipite mstari mwekundu.

Haya, trekta iko nje, rotaveta imeshafungwa. Dereva wa kwanza aje atusomee alama yake ya 540 kwa sauti.