Chembe ya Nano Haina Macho

Ahsante sana, ndugu mwenyekiti. Slaidi ya unywele na nanomita nimeifuta, mmeshaonyeshwa vya kutosha. Ile ya mshale unaoruka moja kwa moja hadi kwenye seli ya saratani nimeiacha, kwa sababu nataka kugombana nayo.

Wanaonifahamu wanajua ninachokuja kusema. Chembe ya nano, yaani kile kibebea dawa kidogo mno kinachopimwa kwa nanomita, sehemu za bilioni za mita, haina macho. Ukiiingiza kwenye mshipa haitafuti ugonjwa. Inachukuliwa na damu, inapenya palipo na upenyo, inakamatwa na seli zinazokamata kila kitu kigeni. Kwa hiyo mtafiti akiniambia kwa furaha kwamba chembe zake zimefika kwenye uvimbe, mimi namuuliza: zilizobaki zimekwenda wapi?

Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walikusanya tafiti za miaka kumi zilizofanywa kwa wanyama, wakapiga hesabu ya dozi inayofika kwenye uvimbe. Kiwango cha kati kilikuwa asilimia 0.7. Si sabini, wala si saba. Wapo waliobishana na hesabu hiyo, na hoja wanazo, lakini hata ukiizidisha mara tano, sehemu kubwa ya dawa bado iko kwingine, hasa kwenye ini na wengu.

Sasa nije kwenye doksorubisini, na mnisamehe mliokwisha kuisikia habari hii kwangu. Ni dawa nyekundu, kali, inayoua seli za saratani vizuri sana. Lakini kadiri dozi zinavyojumlishwa inaharibu misuli ya moyo, hadi daktari analazimika kuisitisha hata kama inamsaidia mgonjwa. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha Doxil: dawa ileile, ila imefungiwa ndani ya liposomu, yaani vifuko vya lipidi, mafuta kwa lugha nyepesi, vya nanomita 100 hivi, vilivyovikwa polima (molekuli ndefu) iitwayo PEG ili visikamatwe mapema. Tazameni ufundi uliomo. Ndani ya kifuko hutangulizwa amonia salfeti. Doksorubisini inavuka ukuta, ikifika ndani inaganda kuwa fuwele na kushindwa kutoka. Ndiyo maana kifuko kinazunguka kwenye damu kwa siku kadhaa bila kuvuja ovyo. Hiyo ni kemia safi, na ingestahili slaidi kuliko huo mshale.

Matokeo yake? Jaribio lililochapishwa mwaka 2004 liliilinganisha Doxil na doksorubisini ya kawaida kwa wanawake 509 wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Moyo ulisalimika zaidi, hilo halina ubishi. Muda wa kuishi? Miezi 21 kwa Doxil, miezi 22 kwa ile ya kawaida. Ni sawa tu. Halafu asilimia 48 ya waliopewa Doxil walipata tatizo la viganja na nyayo: ngozi inawaka, inakuwa nyekundu, inabanduka. Upande wa pili walikuwa asilimia 2. Kuta za mishipa ya moyo zimebana, vifuko havikupenya. Ngozi ikabeba mzigo. Tuliihamisha sumu, na kuihamisha kutoka moyoni ni jambo kubwa, mimi si adui wa Doxil! Ninachokataa ni kumwambia mgonjwa kwamba dawa hii inaijua saratani yake ilipo.

Utasema: basi tubandike kingamwili, ile protini ya kinga inayotambua shabaha yake, juu ya chembe, ipate kujua njia. Kingamwili inasaidia chembe kuishika seli ikishafika karibu yake. Haiipeleki. Tena chembe ikiingia tu kwenye damu, protini za damu zinaigandia pande zote, na hiyo kingamwili uliyoibandika kwa gharama kubwa inaweza kufunikwa kabisa.

Na yule kijana wa nyuma anayetaka kunifunga kwa chanjo za mRNA, kwamba nazo hubebwa na chembe za nano na zinafanya kazi, subiri, nakujia. Chanjo ile inachomwa kwenye msuli, kinga ya mwili iko jirani pale kwenye tezi za limfu, haihitaji safari ndefu. Chukua Onpattro ya mwaka 2018, dawa ya ugonjwa wa kurithi unaoharibu neva, na ya kwanza ya siRNA (vipande vifupi vya RNA vinavyozima jeni) kuidhinishwa. Inakwenda kwenye ini. Kwa nini? Chembe zake zikiwa kwenye damu zinabeba protini iitwayo ApoE, na seli za ini zina vipokezi vya kuipokea. Protini inayosababisha ugonjwa wenyewe nayo hutengenezwa zaidi kwenye ini. Waliounda dawa ile hawakupigana na ini, walikwenda nalo.

Amfoterisini B, dawa ya kuvu na ya kala-azar, ni hivyo hivyo. Ile ya zamani inaumiza figo. Ya liposomu inamezwa na makrofaji, yaani seli zinazomeza vitu kigeni, za ini, wengu na uboho wa mifupa, na vimelea vya kala-azar vinaishi ndani ya makrofaji hizohizo! Kule ambako kwenye saratani tunakuita hasara, hapa ndiko dawa inakotakiwa. Ukianza kwa kuuliza mwili utaipeleka wapi chembe yako, ndipo ukachagua ugonjwa, umeokoa miaka ya maabara.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Fuwele za nano, basi, haraka: dawa isiyoyeyuka ukiisaga hadi nanomita mia kadhaa, eneo lake la juu linaongezeka sana nayo inayeyuka upesi. Hakuna mshale wowote, na dawa za namna hiyo zimo sokoni tangu mwaka 2000. Kingamwili dhidi ya PEG nairuka. Dawa nakala, yaani ile ya kiwanda kingine inayoiga dawa ya awali, siwezi kuiruka. Chupa mbili zenye doksorubisini kiasi kilekile na lipidi zilezile zinaweza kutenda tofauti mwilini kama vifuko vimetengenezwa tofauti. Kupima kiasi cha dawa peke yake hakutoshi: pima ukubwa wa vifuko, chaji yao ya umeme, kasi ya kuvuja, na hali ya fuwele zilizo ndani. Maabara inayokuletea cheti chenye kipimo kimoja tu, irudishie cheti chake.

Haya, kijana wa nyuma, uliza.