Baiskeli Bila Magari Kwenye Mizabibu ya Alsace: Hesabu Vilima Kabla ya Kilomita

Wana Dar, wakubwa shikamooni, vijana mambo vipi. Karibuni tena. Leo ni baiskeli. Hapa nyuma yangu mnaona mizabibu iliyopangwa mistari, na kule juu ni milima ya Vosges. Hii ni Alsace, mashariki ya Ufaransa, ukanda mwembamba uliobanwa kati ya milima hiyo na mto Rhine. Huku kuna njia ambazo unaendesha baiskeli saa nzima bila kupishana na gari hata moja. Wewe unayetoka Mbagala kwenda Posta kwa baiskeli, daladala linakuchomekea huku na bodaboda inakupita kule, unajua hiyo ni neema ya namna gani.

Lakini wageni wengi wanakosea jambo moja: wanapanga safari kwa kilomita. Mtu anasema, mimi Jumapili asubuhi Dar napiga kilomita 60, kwa hiyo na huku nitapiga 60. Ndugu yangu, hizo zako ni za tambarare. Huku chini ya milima panga kwa mita za kupanda. Hesabu yake ni rahisi: kilomita gawanya kwa 15, halafu mita za kupanda gawanya kwa 350, jumlisha, unapata saa za kukaa kwenye siti. Mtu wa kawaida mwenye mizigo hupanda kati ya mita 300 na 400 za wima kwa saa, ndiyo maana ya hiyo 350. Chukua kilomita 35 zenye mita 600 za kupanda: saa mbili na dakika 20, ongeza saa moja na dakika 40 na ushee, zinakuwa saa nne. Kilomita 60 za tambarare nazo ni saa nne. Umeona? Muda ni uleule, na magoti yanaumia zaidi kwenye hizo 35. Programu yoyote ya ramani ya baiskeli inaonyesha jumla ya kupanda. Itazame hiyo kabla hujatazama picha za vijiji.

Sasa hili la "bila magari" tuelewane vizuri, maana lina daraja mbili. Kuna voie verte, hiyo haina gari kabisa. Alama yake ni mraba wa bluu wenye picha ya mtembea kwa miguu, baiskeli na mpanda farasi. Nyingi zimejengwa juu ya reli za zamani au kando ya mifereji, na ndiyo sababu hazina milima: treni haziwezi mwinuko mkali, kwa hiyo waliojenga reli walishakusawazishia njia zamani. Halafu kuna véloroute. Hiyo ni njia ndefu yenye vibao mwanzo hadi mwisho, lakini ndani yake mna vipande vya voie verte, barabara za mashambani na mitaa ya vijiji ambako gari mojamoja hupita. Véloroute ya mizabibu ya Alsace, kutoka Marlenheim hadi Thann, takriban kilomita 130, ni ya aina hii ya pili. Kwenye barabara za mashambani utaona duara lenye ukingo mwekundu na picha ya gari na pikipiki, na chini yake kibao kimeandikwa "sauf exploitants agricoles". Maana yake wakulima wanaruhusiwa. Trekta zao za mizabibu hufanya kazi ndani ya mistari ya mizabibu, na dereva akitokea shambani huenda asikuone. Simama pembeni, mpishe, msalimie. Hiyo ni njia yake ya kazi, sisi tumekaribishwa tu.

Njia yenyewe anzia Strasbourg, na usianzie vilimani. Fuata mfereji wa Bruche. Ulichimbwa mwaka 1682, enzi za Vauban, mhandisi wa kijeshi wa mfalme, ili mawe ya machimbo ya upande wa Soultz-les-Bains yafike Strasbourg kujenga ngome. Ni kama kilomita 20 za lami chini ya miti, malango ya maji ya zamani bado yapo, na unapanda taratibu mno hata huhisi. Tumia siku hiyo kusikiliza baiskeli: keria inagonga? Gia inaruka? Siti iko chini mno? Yarekebishe Molsheim, siyo katikati ya mteremko. Ukiwa na watoto, baki hapohapo. Kuna voie verte nyingine ya reli ya zamani kutoka Molsheim kwenda Marlenheim, na hizo mbili zinawatosha.

Siku ya pili shuka kusini: Rosheim, Obernai, Barr. Hapo mawimbi ya vilima yanaanza. Siku ya tatu, Barr hadi Sélestat kupitia Mittelbergheim, Andlau, Itterswiller na Dambach-la-Ville, ndiyo ngumu na ndiyo nzuri kuliko zote. Kijiji kimoja kiko kwenye mdomo wa bonde, kinachofuata kiko juu ya mgongo wa kilima, kwa hiyo unashuka hadi kijito na kupanda tena, unashuka na kupanda tena. Hakuna mlima mmoja mkubwa wa kuogopa. Ni vidogo vingi, na ndivyo vinavyomaliza miguu. Siku ya nne, Bergheim, Ribeauvillé, Hunawihr, Riquewihr hadi Colmar. Riquewihr pita kabla ya saa tatu asubuhi, baadaye watalii wanajaa hadi baiskeli huikokoti. Na usishawishike kupanda Mont Sainte-Odile, mita 764, au ngome ya Haut-Koenigsbourg, mita 757, ukiwa na mizigo. Hizo ni barabara za magari na mabasi ya watalii.

Gia. Hapa naomba utulie. Chukua baiskeli ya gia moja, meno 44 mbele na 18 nyuma. Gurudumu likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.2, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali unakusukuma mita 5.4 hivi. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 unapanda mita 8, wewe na baiskeli na mizigo jumla kilo 100, mwendo wako utakuwa kama kilomita 6 kwa saa. Kwa gia hiyo miguu inatakiwa kuzunguka mara 18 au 19 kwa dakika. Huwezi. Utasimama juu ya pedali, utayumba, utashuka ukokote. Sasa weka meno 34 mbele na 34 nyuma: mzunguko mmoja ni mita 2.2, miguu inazunguka mara 45 kwa dakika, unapanda huku unaongea. Kwa hiyo unapokodi baiskeli Strasbourg au Colmar usiangalie idadi ya gia. Igeuze, hesabu meno ya gia ndogo kabisa ya mbele na ya kubwa kabisa ya nyuma. Ya nyuma ikiwa sawa na ya mbele au kubwa zaidi, chukua. Na badilisha gia kabla kilima hakijaanza; ukibadilisha huku unakandamiza pedali kwa nguvu, cheni inakwama au inakatika.

Mazoezi ya hili yanawezekana hapo Dar. Alfajiri, kabla malori hayajaamka, panda kutoka Pugu kuelekea Kisarawe na chupa mbili za maji za lita 6, moja kila upande wa keria. Hizo ni kilo 12, mzigo uleule wa safari ya siku nne. Ukizidisha kilo 12, umebeba nguo ambazo hutazivaa.

Mzigo weka chini, pande mbili, uzito sawa. Vitu vizito vikae chini kabisa ya begi na karibu na ekseli, visikae juu ya keria, maana vikiwa juu baiskeli inatikisa usukani unaposhuka kwa kasi. Sukuma begi nyuma hadi kisigino kisiliguse. Bolti za keria hulegea kwa mtikisiko: zikaze kila asubuhi. Na spoku zikikatika, mara nyingi ni za gurudumu la nyuma, upande wa friwili, kwa sababu upande huo zimevutwa zaidi na ndiko mzigo uliko. Zipigepige kwa kidole kabla ya kuondoka. Itakayotoa sauti ya kulegea, mpe fundi mapema.

Tairi iwe na upana wa milimita 35 hadi 40. Kwa mtu wa kilo 75 na mzigo huo, jaza upepo psi 45 mbele na 55 nyuma. Ukipunguza sana, ukigonga ukingo wa zege, rimu inaibana tyubu na unapata matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiona matundu mawili ya hivyo, kosa ni upepo, usitafute mwiba. Likiwa tundu moja, pitisha vidole ndani ya tairi zima polepole upate kioo au waya kabla hujarudisha tyubu, la sivyo pancha inarudi baada ya mita 200. Solusheni ipake nyembamba, iache dakika 5 ikauke, ndipo ubandike kiraka. Jambo jingine: valvu. Rimu nyingi za huku zina tundu jembamba la valvu ya Kifaransa, milimita 6.5. Tyubu ya valvu nene kama ya gari haiingii humo. Nunua tyubu ya akiba papo hapo unapokodi baiskeli, na hakikisha pampu inaikubali.

Kushuka. Tumia breki zote mbili, bana, achia, bana, achia. Ukibana mfululizo rimu inapata moto na raba zinaisha nguvu. Njia nyingi za mizabibu ni za mabamba ya zege. Pale yanapoungana kwa urefu wa njia, mfereji ule mdogo unaweza kushika tairi, kwa hiyo ukate kwa pembe, usiufuate. Baada ya mvua, udongo uliodondoka kwenye magurudumu ya trekta unateleza kama sabuni. Punguza mwendo kabla ya kona, usipunguze ndani ya kona.

Maji, lita mbili kwa kila mtu. Najua mtaniambia sisi joto la Dar tumezaliwa nalo. Joto la huku ni kavu: Vosges zinazuia mvua ya magharibi, na Colmar ni kati ya miji inayopata mvua kidogo sana Ufaransa. Jasho linakauka kabla hujaliona, unadhani hutoki jasho. Na shamba la mizabibu halina mti wa kivuli. Bomba za makaburini kila kijiji mara nyingi zina maji; ila palipoandikwa "eau non potable", yaani maji si ya kunywa, nawia mikono tu. Maduka ya vijijini hufunga mchana, Jumapili jioni usitegemee kitu, na mengi Jumatatu pia hayafunguki. Nunua mkate na ndizi siku moja kabla.

Miezi mizuri ni Mei, Juni na Septemba. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Huku ni mara moja tu, Septemba kwenda Oktoba, na njia zinajaa matela. Usichume hata shada moja, ni wizi. Majira ya kupiga dawa, ukiona trekta inatoa ukungu, subiri upande unakotoka upepo hadi imalize.

Sheria chache. Kengele, taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma na rifleketa ni lazima. Nje ya mji usiku, kizibao cha kuakisi ni lazima pia. Mtoto chini ya miaka 12 avae helmeti. Spika za masikioni ni marufuku. Na wanaokwenda kuonja mvinyo wajue kikomo cha pombe cha gramu 0.5 kwa lita ya damu kinamhusu na mwendesha baiskeli. Onja jioni, baiskeli ikiwa imefungwa kufuli.

Kurudi, panda TER, treni ya mkoa, Sélestat au Colmar hadi Strasbourg. Baiskeli haina nauli. Epuka saa za watu kwenda na kutoka kazini, nafasi za baiskeli zinajaa upesi. Tafuta behewa lenye picha ya baiskeli mlangoni, na vua mabegi ukiwa bado jukwaani, maana treni inasimama dakika chache na sehemu nyingine baiskeli inatundikwa kwa gurudumu la mbele. TGV, treni ya mwendo kasi, ni habari nyingine: nafasi ya baiskeli unaikata pamoja na tiketi, na kuna treni ambazo hazina kabisa, kwa hiyo hiyo itafute kwanza kabla hujalipia hoteli.