Kinanda cha studio ya nyumbani: kikague hivi kabla hujatoa hela

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo ni vinanda, maana meseji zenu nyingi zinauliza kitu kile kile, nina hela kidogo nataka kutengeneza nyimbo nyumbani ninunue kinanda gani. Sitakutajia kimoja nikanyamaza, kwa sababu inategemea wimbo wako utatokaje humo ndani mpaka uwe faili unayoweza kumtumia mtu.

Twende hatua ya kwanza, hii unaifanya ukiwa bado nyumbani. Jiulize, wewe unapiga au unapanga? Kama unapiga, yaani kanisani, kwenye harusi, unashika kodi (chord, noti kadhaa kwa pamoja) mkono wa kushoto ngoma na besi zinakufuata zenyewe, basi unatafuta arenja, hizi Yamaha PSR mnazoziona kwenye kwaya, zina staili ndani, yaani midundo iliyopangwa tayari. Kama unapanga, unataka uweke ngoma, uje uweke besi, halafu gitaa la sebene, treki moja moja bila kuwasha kompyuta, hiyo inaitwa wokstesheni na cha kuangalia pale ni sikwensa, yaani sehemu inayorekodi na kupanga hizo treki. Korg M1 ya 1988 ndio iliyowazoesha watu, sauti, ngoma, efekti na sikwensa ya treki 8 ndani ya boksi moja, na za baadaye, Korg Kross 2 ina treki 16, Roland JUNO-DS ina treki 8 za patani, yaani vipande vifupi vinavyojirudia. Sintesaiza yenyewe ni ya mtu anayetaka kuunda sauti zake mwenyewe kutoka mwanzo, tamu sana ila sio ya kuanzia kama unataka piano na vayolini tu.

Sasa sikiliza hapa, kama tayari una laptopu yenye programu ya kutengeneza muziki kama FL Studio au Cubase, sauti zako ziko kwenye laptopu, kwa hiyo chukua midi kontrola ya funguo 49 au 61, hiki ni kinanda kisicho na sauti zake, kinatuma midi tu, yaani taarifa ya noti gani umebonyeza na kwa nguvu gani, hela inayobaki nunua hedifoni nzuri. Wengi wenu mnaoniandikia mko kundi hili na mnataka kununua wokstesheni ambayo hamtaitumia hata nusu.

Hatua ya pili, achana na ile namba kubwa ya sauti iliyoandikwa kwenye boksi. Muuzaji atakwambia hii ina sauti 600 ile ina 400, wewe muulize ina tachi? Tachi ni hivi, angalieni mkono wangu, nabonyeza taratiiibu… sauti ndogo, sasa napiga kwa nguvu… umesikia imefunguka? Yamaha PSR-E273 na PSR-E373 ukiziweka pamoja dukani utadhani ni mapacha, lakini 273 haina tachi wala haina tundu la kuunganisha na kompyuta, 373 inavyo vyote. Kwa kurekodi piano bila tachi wimbo unatoka umekufa, kila noti inalia kwa nguvu ile ile. Sisemi kinanda kidogo hakifai, muziki wa mchiriku wa Dar umejengwa juu ya Casio ndogo na ngoma, na kundi la Jagwa Music wameufikisha mpaka majukwaa ya Ulaya, ila wao ile sauti ndio wanaitaka.

Polifoni nayo iangalie, ni noti ngapi zinalia kwa pamoja. 373 ina 48, JUNO-DS ina 128. Ukikanyaga pedali huku umebandika piano na stringi pamoja, 48 zinaisha haraka na noti za mwanzo zinakatika.

Hatua ya tatu, kigeuze uone mgongoni, ngoja nisogeze kamera. Hapa PHONES/OUTPUT, hapa SUSTAIN ya pedali, na hiki cha mraba kimeandikwa USB TO HOST, hiki ndio roho ya studio yako. Kwenye 373 waya huu mmoja unapeleka midi na sauti yenyewe mpaka kwenye kompyuta, huhitaji saundi kadi, kile kifaa cha pembeni cha kuingizia sauti kwenye kompyuta. Vinanda vingi vinapeleka midi tu, kwa hiyo uliza kabisa, usb yake inabeba na sauti?

Hatua ya nne umeme, na hapa nawaomba mtulie kwa sababu vinanda vinakufa kila siku. Kinanda cha mtumba kutoka Japani kinachochomekwa moja kwa moja ukutani ni cha volti 100, cha Marekani 120, na kwetu ukutani ni 230. Soma kibandiko cha nyuma, kama ni 100 au 120 utahitaji transfoma ya kushusha, bila hiyo ni moshi. Vinavyotumia adapta angalia volti na ule mchoro mdogo wa duara unaoonyesha chanya na hasi, Yamaha PSR nyingi ni volti 12 chanya katikati, Casio nyingi za zamani ni volti 9 hasi katikati, usiazime adapta kisa imeingia.

Ukiwa unanunua used, piga funguo zote, zote jamani, kutoka kushoto mpaka kulia, nyeupe halafu nyeusi, mara ya kwanza polepole mara ya pili kwa nguvu. Funguo inayolia kwa kelele hata ukiigusa tu, au inayolia mara moja moja, raba zake za chini zimeingia vumbi, zinasafishika ila omba upunguziwe bei. Zungusha volyumu usikie kama inakwaruza. Kwenye wokstesheni za zamani kama M1 kuna betri ya ndani inayotunza sauti, ikikuandikia betri imeisha ujue sauti ulizotunza zinaweza kupotea, kwa hiyo zihifadhi nje kabla fundi hajaibadilisha.

Umefika nacho nyumbani, umechomeka kwenye kompyuta, unapiga na kila noti inalia mara mbili? Hakijaharibika. Ingia kwenye menyu tafuta Local Control, weka Off, hapo kinanda kinatuma midi tu na sauti inatoka kwenye programu. Ukichomoa kompyuta irudishe On, la sivyo utapiga na hutasikia kitu.