Dizeli ya Lori Humwagikia Kwenye Breki

Hamjambo nyote, madereva na wenye magari. Nitaanza na hesabu kidogo, mnivumilie, halafu tutaingia barabarani.

Chukua trela ya ekseli 6, tani 50 kamili, uzito wa mwisho ambao mizani inauruhusu. Itoe Mombasa kwenye usawa wa bahari, uilete hapa Nairobi, mita 1,600 na ushee juu. Hata barabara ingekuwa laini kama kioo na upepo usiwepo, kuuinua tu uzito huo kunataka nishati ya megajuli 785. Lita moja ya dizeli ina kama megajuli 36, na injini nzuri hufikisha magurudumuni asilimia 40 hivi. Zilizobaki zinatoka kwa ekzosi na rejeta zikiwa joto. Gawanya, utapata lita 55. Hizo hazijui dereva mzuri wala mbaya, mlima ni mlima. Kwa hiyo tajiri, yaani mwenye lori, anayechukua safari ya kuteremka Mombasa akailinganisha na ya kupanda, kisha akamfokea dereva, anamwonea.

Sasa tuje kwa zile ambazo dereva anazijibia. Lori hilo likiwa kwenye 60 kwa saa, mwendo wenyewe umekwisha kugharimu karibu nusu lita ya dizeli. Umeilipa tayari, imo ndani ya mwendo. Mbele kuna soko, na soko lina matuta. Dereva anakuja na mguu kwenye akselereta mpaka mita 80 kutoka kwenye tuta, anakanyaga breki, anashuka hadi 20. Lita 0.4 hivi zimegeuka moto kwenye ngoma za breki. Akishavuka anachoma nyingine kama hizo kurudi 60. Matuta kumi ya namna hiyo ni lita 4, na hapo hatujasema neno kuhusu brekshu, zile pedi zinazobana ngoma, na tairi.

Afanyeje? Tuta analijua, amelipita mara mia. Aondoe mguu mita 400 au 500 kabla, gia ikiwa imeingia, lori lijikokote lenyewe. Breki aiguse mwishoni tu. Mita hizo 400 amezisafiri bure, kwa maana gia ikiwa ndani na mguu umetoka, injekta zinazopulizia dizeli kwenye injini hufungwa. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini.

Naomba tukae hapo kidogo, maana ndipo penye ubishi kila mara. Wengi hapa mmefundishwa na waliowatangulia kwamba mteremkoni unaweka frii, yaani unatoa gia, ili kuokoa mafuta. Kwenye injini ya kisasa ni kinyume kabisa. Ukiweka frii, injini inabaki silensa, yaani inajizungukia polepole bila kuvuta gari, na silensa ya injini kubwa inakula kama lita 3 kwa saa. Ukiacha gia ndani, inakula sufuri mpaka mizunguko ishuke karibu na silensa. Kinachomdanganya dereva ni sauti: breki ya ekzosi, ile inayoziba njia ya moshi, imeshika, injini inanguruma kwenye mizunguko 1,900 kwa dakika, anadhani inakunywa. Haili hata tone. Inanguruma kwa sababu inasukumwa.

Na usalama je? Pale Sachang'wan kuteremkia Salgaa, mteremko unaojulikana kwa ajali za malori, hakuna haja ya mhadhara. Lori la tani 50 likiwa frii limebaki na breki za miguu peke yake, ngoma zikishika moto brekshu hazishiki tena, na gia haikubali kurudi kwa kasi ile. Kuna magari mapya ya gia otomatiki ambayo kompyuta huyatoa kwenye gia kwenye mteremko mdogo, sekunde chache, kisha ikarudisha yenyewe. Hiyo ni kazi ya kompyuta, usiiigize kwa mkono.

Kupanda sasa. Injini nyingi za malori zina mvuto wake wote kati ya mizunguko 1,000 na 1,400, ile sehemu ya kijani kwenye geji. Ukitoka Mai Mahiu kupanda Rironi, acha mizunguko ishuke hadi karibu 1,000 kabla ya kupunguza gia. Dereva mwenye haraka hupunguza akiwa 1,400, injini inaruka 1,900, feni inashikana na kuanza kunyonya nguvu, na lori haliendi kwa kasi zaidi ya lile la jirani. Ukiona kilele kiko karibu, vumilia na gia uliyo nayo. Na kabla ya kukifikia kilele legeza mguu. Upande wa pili mteremko utakupa mwendo bila malipo, ya nini uununue halafu uuchome tena kwa breki?

Kuhusu kasi, kuna jambo ambalo halisemwi sana. Lori lililojaa, likiwa 80 kwa saa kwenye tambarare, linapigana na tairi zake kuliko upepo. Likiwa tupu ni kinyume: tairi zimepumzika, lakini ukubwa wa kifua ni uleule, na upepo hukua kwa mraba wa kasi. Kutoka 70 hadi 80 unaongeza ukinzani wa upepo kwa asilimia 30. Sasa ni wakati gani dereva hukimbia? Akirudi tupu Mombasa, kati ya Emali na Voi, turubai limefunguka linapigapiga kama bendera. Funga turubai, baki 70, utaiona tofauti kwenye tangi.

Kuhusu silensa sina mengi. Saa 8 kwenye foleni ya mpaka wa Malaba injini ikinguruma ni lita 24. Zima.

Chujio la hewa likiziba, moshi mweusi unatoka na mvuto unapungua; lakini kabla ya kununua jipya kagua mipira ya intakula, kile kipoozeo cha hewa inayoingia kwenye injini, utaona alama ya mafuta palipopasuka. Na ukisimama baada ya kuendesha bila kushika breki, sogeza kiganja karibu na kila habu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki yake inabana, na umekuwa ukiivuta njia nzima.

Haya yote hayana maana kama hamjui kupima. Jaza tangi pomoni, pampu ileile, sehemu iliyo sawa, andika kilomita na uzito wa mzigo. Rudi ujaze vilevile. Dizeli hutanuka kwa joto: lita 400 zilizojazwa saa nane mchana Mombasa, zikipoa nyuzi 15 usiku, zinapungua kama lita 5. Tajiri asiyelijua hilo atasema zimenyonywa. Zinazonyonywa kweli zipo, tusidanganyane, lakini mwizi na mguu mzito huacha pengo linalofanana kwenye daftari, na ni kupima safari baada ya safari kwa njia hii kunakowatenganisha.

Imebaki tairi, na hiyo sitaieleza nikiwa nimesimama hapa. Trela iliyo pale nje imelala tangu jana, tairi ziko baridi, na zilitakiwa kuwa na upepo wa psi 110. Utingo ameshazigonga kwa rungu akasema ziko sawa. Rungu haliwezi kutofautisha 80 na 110. Chukueni geji tuanze na zile za ndani, kwa sababu hizo ndizo zisizofikiwa kirahisi.